Keki inaungua juu, katikati mbichi: je, themostati ya oveni imekufa?

*"Nina oveni ya umeme iliyopachikwa kwenye kabati la jikoni, ile ya upana wa sentimita 60, yenye swichi mbili za kuzungusha: moja ya alama za kupikia, nyingine ya joto kuanzia 50 hadi 250. Ina miaka sita. Tangu mwezi uliopita keki niliyozoea kuoka kwa 180 dakika 45 inakwenda zaidi ya saa nzima, inaungua juu, chini inabaki nyeupe na katikati mbichi. Wiki shida ilipoanza, umeme wa nyumba nzima ulijikata mara mbili nikiwa naoka. Sasa haujikati tena. Nimenunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Nikiweka 180, mara kinaonyesha 150, mara 205. Fundi mmoja kasema themostati imekufa, ninunue nyingine. Jirani anasema ni umeme mdogo wa jioni hapa Dar. Nimesikia pia kwamba oveni inaweza kurekebishwa ili namba zake zisome sawa. Nianzie wapi, na kipi naweza kufanya mwenyewe?"*

Pole kwa keki hizo. Mayai na siagi si vitu vya kumwaga siku hizi. Usinunue themostati kwanza. Dalili ulizoeleza, zote nne kwa pamoja, zinaelekeza kwenye koili ya chini. Na zile namba mbili zilizokutisha, 150 na 205, hebu zijumlishe ugawe kwa mbili: unapata 177 na nusu. Themostati iliyokufa haikupi wastani wa namna hiyo.

Watu wengi hupotea kwenye namba hizi, kwa hiyo tuanzie hapo. Ukiweka swichi kwenye 180, oveni haitulii kwenye 180. Koili haiwaki nusu; ama inawaka yote ama imezimwa. Ndani ya oveni, mara nyingi juu karibu na ukuta wa nyuma au wa pembeni, kuna kijiti chembamba cha chuma kilichojaa kimiminika, na kimeungwa kwa mrija mwembamba mpaka nyuma ya swichi ya joto; hiyo ndiyo themostati. Hewa ikipata moto kimiminika kinatanuka na kusukuma kiwambo kidogo, kiwambo kinaachanisha viunganishi, umeme wa koili unakatika na ile taa ndogo ya joto inazima. Hewa ikipoa, mambo yanarudi kinyume. Lakini koili iliyozimwa bado ni nyekundu, kwa hiyo joto linaendelea kupanda kidogo baada ya taa kuzima; na taa ikiwaka tena, joto linaendelea kushuka kidogo mpaka koili ishike moto. Ndiyo maana oveni nzima kabisa ya swichi ya kuzungusha hupanda na kushuka kati ya nyuzi 10 na 20 kila upande wa namba uliyoweka. Mapishi yaliandikwa kwa ajili ya wastani huo.

Yako inayumba nyuzi 55 kutoka juu hadi chini. Hiyo imezidi, ila sababu yake haimo kwenye swichi. Alama ya mistari miwili, wa juu na wa chini, huwasha koili mbili kwa pamoja. Kwenye oveni nyingi za ukubwa wako koili ya juu ya kuokea ni kama wati 900 hadi 1,000, na ya chini ni kama wati 1,000 hadi 1,300. Ya chini ikifa, ya juu inabaki peke yake na nusu ya nguvu, au pungufu ya nusu. Inachukua muda mrefu kupasha oveni, inakaa imewaka kwa muda mrefu, na muda wote huo inachoma kila kilicho chini yake moja kwa moja, kipimajoto chako kikiwemo. Ikiwaka kinasoma 205, ikizima kinaporomoka. Kijiti cha themostati nacho kiko juu huko huko, kinashiba joto na kukata umeme huku sakafu ya oveni ikiwa haijapata kitu. Kwa hiyo uso wa keki unaungua, kitako kinabaki cheupe, kati panabaki mbichi.

Sasa ule umeme uliojikata mara mbili kisha ukaacha. Koili ni waya mwembamba uliozungukwa na unga mweupe wa kuzuia umeme, vyote vikiwa ndani ya bomba la chuma. Bomba likipata ufa, unyevu unaingia kwenye unga, na umeme unaanza kuvuja kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma na kuishia kwenye waya wa ethi. Swichi ya kinga kwenye bodi yako, ile pana yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, inauona mvujo huo na kukata nyumba nzima. Baada ya mara moja au mbili waya wa ndani unakatika kabisa, mvujo unaisha, na kila mtu anadhani shida imejiponya. Haijajiponya.

Kuhusu themostati yenyewe: hizi za kimiminika zina njia zao za kufa, na hakuna hata moja inayofanana na unayoyaona. Mrija ukitoboka na kimiminika kikavuja, hakuna cha kusukuma kiwambo, kwa hiyo mara nyingi viunganishi havifunguki: oveni inapanda bila kukata mpaka kinga ya joto iliyo mgongoni iingilie kati. Viunganishi vikiungua, oveni haipashi kabisa. Iliyobaki ni kuhama taratibu kwa miaka, labda nyuzi 10 au 15, na hiyo hairuki mwezi mmoja. Fundi aliyetaja themostati bila kutoa multimita, kile kipimo cha umeme, mfukoni alikuwa anabahatisha kwa pesa yako.

Jirani naye ana haki kidogo. Nguvu ya koili hupungua kwa mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka 230 hadi 200, koili ya wati 1,200 inatoa kama wati 900 tu. Ukishuka hadi 180, inabaki na wati 735 hivi. Lakini themostati haijali volti. Inasubiri joto lifike, hata kama litachelewa, ndipo ikate. Kwa hiyo umeme mdogo unachelewesha oveni, na unaweza kuizuia isifike 230 au 250. Hauwezi kuunguza juu na kuacha chini nyeupe, kwa sababu koili zote mbili zinapungua kwa uwiano ule ule. Kama una frijigadi yenye namba za volti, ichomeke soketi nyingine ya jikoni uisome saa 8 mchana, kisha saa 2 usiku oveni ikiwa imewaka. Usiipitishe oveni kwenye frijigadi yenyewe. Nyingi hazikutengenezwa kwa mzigo wa kilowati tatu.

Jaribio la kwanza halihitaji bisibisi. Oveni ikiwa baridi, chagua alama yenye mstari mmoja tu wa chini, weka 200, funga mlango, subiri dakika 15. Koili ya chini ya oveni nyingi za kabatini imefichwa chini ya bati la sakafu, hutaiona ikiwaka, kwa hiyo usitegemee macho. Angalia kipimajoto: kikibaki karibu na joto la chumba wakati taa ndogo ya joto imewaka muda wote, koili ya chini haifanyi kazi. Rudia na alama ya mstari wa juu peke yake uone tofauti.

Jaribio la pili ni zuri zaidi na linakupa namba. Tazama mita yako ya LUKU. Ina taa nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti moja, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani, friji na pampu pamoja, kisha washa oveni kwenye alama ya chini peke yake na uhesabu mipepeso kwa dakika moja. Kama mita ni ya 1000, zidisha kwa 60 upate wati. Mipepeso 20 kwa dakika ni wati 1,200: koili ni nzima. Ukipata mmoja au hakuna kabisa, hiyo ni taa ya ndani na feni tu, koili haivuti umeme. Kama mita yako ni ya 1600, gawa jibu hilo kwa 1.6. Mita ikiwa nguzoni, mtu mmoja asimame nje na simu ya kuhesabia muda, mwingine azungushe swichi. Fanya hivi kwa kila alama, uandike. Karatasi hiyo itamfaa fundi kuliko maelezo yoyote.

Ikitokea umeme unakatika tena wakati wa majaribio, angalia ni swichi ipi iliyoanguka. Ikiwa ni ile pana yenye T, kuna mvujo, na alama uliyokuwa umeichagua ndiyo inayokuonyesha koili mbovu. Ikiwa ni breka ndogo ya jikoni peke yake, mzigo umezidi au kuna shoti. Ukanda wa pwani una jambo lake: oveni iliyokaa wiki kadhaa bila kuwashwa, Zanzibar, Tanga au Mombasa, huweza kuangusha swichi ya T kwa sababu tu unga wa ndani ya koili umevuta unyevu wa hewa kupitia ncha zake. Hiyo mara nyingi fundi huikausha kwa kuiwasha taratibu kwa joto la chini, na inarudi uzima. Ya kwako ilikuwa inatumika, kwa hiyo sidhani.

Hapa lazima niseme kwa ukali. Wapo mafundi ambao wakikuta oveni inaangusha swichi ya T, wanachomoa waya wa ethi wa kijani na njano, umeme unaacha kukatika, wanalipwa, wanaondoka. Kuanzia hapo bati lote la oveni linaweza kuwa na umeme, na wewe unalishika kwa mkono wenye maji ya sinki. Ukimwona fundi anaugusa waya huo kwa nia ya kuuondoa, mwambie aache kazi.

Koili ya chini ikithibitika kufa, kubadilisha si kazi kubwa, lakini pia si ya kufanya peke yako. Breka ya oveni izimwe kwenye bodi, na fundi ahakikishe kwa testa kwamba umeme haupo. Kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi, kwani nyumba nyingine waya wa moto na nyutro viligeuzwa tangu mwanzo. Ukifungua mlango utaona skrubu mbili au nne kwenye fremu ya pembeni, ndizo zinazoishika oveni kwenye kabati. Mlango utolewe kwanza: kila bawaba ina kikufuli kidogo cha kuinua, kisha mlango unafungwa nusu na kunyanyuliwa. Kufanya hivyo kunapunguza kilo kadhaa, na kioo hakitagongwa. Oveni yenyewe ina kilo 30 na zaidi, watu wawili waivute, iwekwe juu ya meza imara. Kwa nyingi, koili ya chini inatoka kwa nyuma: bati la mgongoni linafunguliwa, kuna ncha mbili za kuchomeka waya na skrubu moja au mbili. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote.

Mwombe fundi apime mbele yako. Koili ya wati 1,200 inasoma kama omu 44. Ya wati 1,000 kama omu 53. Koili ya grili, ile ya kuchomea kwa juu, ya wati 1,800 inasoma karibu omu 29. Tofauti ya omu mbili tatu si kitu. Multimita ikionyesha OL, yaani umeme hauna njia ya kupita, waya wa ndani umekatika na habari imeisha. Kisha apime kati ya kila ncha na bati la nje la koili: hapo ndipo OL inatakiwa. Namba yoyote itakayotokea hapo maana yake koili inavuja, hata kama bado inapasha. Koili ikisoma sawa kwenye vipimo vyote viwili, tuhuma inahamia kwenye waya ulioungua kichwani au kwenye swichi ya kuchagua alama, ambayo viunganishi vyake huchomeka. Hata hivyo bado si themostati.

Ya kununua ilingane kwa volti, wati, umbo, na umbali kati ya ncha na matundu ya skrubu. Nambari ya modeli iko kwenye kibandiko cha pembeni utakachokiona ukifungua mlango. Ipige picha uende nayo dukani pamoja na koili ya zamani. Vichwa vya waya vibane kwelikweli, maana kichwa kinachocheza kinaungua ndani ya wiki. Waya ukihitaji kubadilishwa uwe wa silikoni au wa nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba umetengenezwa kwa nyuzi 70, mgongoni mwa oveni unayeyuka. Kwa sababu hiyo hiyo, hapo pasiungwe kwa risasi ya kulehemu wala pasizungushiwe tepu. Koili mpya iwashwe tupu kwa 200, nusu saa, madirisha wazi. Itatoa moshi na harufu, ni mafuta ya kiwandani, na itaacha.

Sasa tufike kwenye kurekebisha namba. Usilifanye kabla ya koili kupona, la sivyo utairekebisha oveni kulingana na ugonjwa wake.

Kwanza hakikisha mlango unafunga. Gasketi ya mlango hushikwa na vikulabu vidogo kwenye kona. Ikiwa imekauka kama ganda la muhogo au imechomoka kona moja, ibadilishe, ni kipuri rahisi na hakihitaji fundi. Oveni nyingine gasketi yake haizunguki pande zote, chini pameachwa nafasi kwa makusudi ili hewa ipite. Usiizibe. Ukifuta ndani, futa na kile kijiti cha themostati kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni, kwa sababu mafuta yaliyogandamana yanakichelewesha kuhisi. Angalia kama kimekaa kwenye vishikio vyake: kikilala ukutani kinasoma joto la bati badala ya hewa. Usikikunje wala kukivuta. Na kama kuna foili uliyotandika kwenye sakafu ya oveni kudaka mafuta, itoe. Joto la koili ya chini linakwama hapo, enameli inapasuka na mikate haiivi sawa.

Pili, kipimajoto chenyewe nani kakipima? Vile vya duara vya bei nafuu vina springi ya bati, na kukosea nyuzi 10 kwake ni kawaida. Kifaa bora ni multimita iliyokuja na waya mwembamba wa kupimia joto wenye kishanga kidogo nchani. Waya huo wa kawaida unavumilia hadi karibu nyuzi 250. Ukague kwenye maji yanayochemka sana: Dar inatakiwa isome 100. Kwa wasomaji wa mbali na bahari, Arusha ni kama 95, Nairobi na Mbeya kama 94, kwa hiyo msikitupe kipimo kizima kwa sababu hiyo. Kipimajoto cha mfano wa bunduki, chenye mwanga mwekundu, kisikudanganye: kinapima uso wa bati au kioo, hakipimi hewa, na ili ukitumie lazima ufungue mlango, jambo linalomwaga joto lote ulilokuja kulipima.

Toa trei zote, bakiza rafu moja ya waya ya katikati. Funga kishanga cha kipimo katikati ya rafu hiyo kikiwa hewani, kisiguse chuma, upitishe waya wa kipimo pembeni mwa gasketi na ufunge mlango. Alama ya juu na chini, bila feni, 180. Usisome chochote mpaka taa ndogo imezima na kuwaka mara tatu. Hiyo ni nusu saa au zaidi. Kuanzia hapo andika namba ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kila mzunguko, kwa mizunguko minne. Tuseme umepata 188 na 160, 187 na 161, 189 na 160, 188 na 161. Katikati yake ni 174. Oveni yako iko nyuma kwa nyuzi 6, na hapo huna tatizo lolote la kurekebisha. Rudia kwa 150 na kwa 220, kwa sababu kosa la themostati halilingani kila mahali. Inaweza kuwa sahihi kwenye 150 na ikapungukiwa nyuzi 20 kwenye 220.

Tofauti ya nyuzi 10 au chini ya hapo, achana nayo. Kati ya 10 na 30, ushauri wangu kwa oveni ya swichi kama yako ni kibandiko: andika "150 weka 155, 180 weka 195, 220 weka 240", kwa namba zako mwenyewe, ubandike ndani ya mlango wa kabati lililo pembeni ya oveni. Wengine wataona huo ni uvivu. Baadhi ya themostati zina kiskrubu cha kurekebishia, mara nyingi kimepakwa rangi ili kisiguswe. Robo ya mzunguko inaweza kuhamisha joto kwa makumi ya nyuzi, na ukikosea upande, oveni iliyowekwa 250 inakwenda mbali zaidi ya hapo ikiwa ndani ya kabati la mbao. Kibandiko hakina hatari hiyo. Kosa likizidi 30, au likiwa linakua kila ukipima, hapo ndipo unapobadilisha themostati, na mpya iwe na kiwango kile kile cha juu na mrija wa urefu ule ule.

Wenye oveni za kidijitali wana njia nyepesi zaidi. Nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, zina sehemu ndani ya mpangilio ya kuongeza au kupunguza hadi karibu nyuzi 20 za selsiasi, na kitabu chake kinaeleza vitufe vya kubonyeza. Lakini zina ugonjwa wao. Kihisi chao cha kawaida hubadilika karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja, na kwenye joto la chumba la hapa Dar husoma karibu omu 1,100. Chumvi ya hewa ya pwani ikila kiunganishi chake na kuongeza omu 40, bodi inadhani oveni ina joto zaidi kwa nyuzi 10, inakata mapema, na chakula kinachelewa. Usifiche kutu kwa kubadilisha namba. Kiunganishi kisafishwe au kibadilishwe kwanza.

Oveni ikiwa imetolewa nje, tazama na kabati. Mafundi seremala wengi hulifunga nyuma kama kabati la vyombo, wakati oveni inahitaji nafasi ya kama sentimita 5 nyuma na tundu chini ili hewa ya feni ya kupozea izunguke. Feni hiyo ndiyo inayoendelea kuvuma baada ya kuzima, na ni sawa iendelee. Ikikosa hewa au ikifa, swichi zinakuwa za moto mkononi na oveni inajizima katikati ya mapishi, kisha inarudi ikipoa. Kagua pia plagi. Oveni ya wati 3,000 inavuta ampea 13 kamili, yaani mwisho kabisa wa plagi ya miguu mitatu. Ikikaa hapo saa nzima, plastiki inabadilika rangi na kunuka. Inastahili laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi, breka ya ampea 16 au 20, waya usiopungua milimita 2.5 za mraba, na 4 kama jiko liko mbali.

Ukihisi mtetemo wa umeme ukigusa bati, ukinusa plastiki inayoungua, kioo cha mlango kikiwa na ufa, swichi ya T ikianguka papo hapo unapowasha, au joto likipita namba uliyoweka kwa nyuzi 40 na kuendelea kupanda, zima breka na usiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA afike. Kwa walio Kenya, wa EPRA. Kama bado kuna dhamana, usifungue hata skrubu moja.

Koili ikishawekwa na kupima kumekamilika, tandaza slesi za mkate mweupe kwenye rafu ya waya ya katikati, 180, dakika 10 hivi, kisha zigeuze uangalie pande zote mbili. Upande wa chini ukiwa na rangi inayokaribiana na wa juu, oka keki yako kwa muda wako wa zamani, ukiweka namba ya kwenye kibandiko. Slesi za nyuma zikikolea kidogo kuliko za mbele, usihangaike na fundi: geuza trei baada ya theluthi mbili za muda, na usitumie trei pana inayogusa kuta, iache kama sentimita 3 kila upande hewa ipande.